Mwenye wazo na mwenye kiwanda

Jumapili mbili zilizopita mpwa wangu alinijia nyumbani akiwa na bahasha nene kwapani, na kabla hata sijamaliza kuitikia shikamoo yake aliiweka mezani na kuniambia, "Mjomba, hebu tusomee hii. Sisi wenyewe tumeisoma hadi tumechoka, na kila tukiisoma tunazidi kugawanyika." Ndani mlikuwa na rasimu ya mkataba, kurasa arubaini na tatu, kutoka kwa kampuni moja kubwa ya dawa ya ng'ambo ambayo sitaitaja jina.

Sharti kwanza nimweleze msomaji huyu mpwa wangu ni nani. Ni mwana wa dada yangu, kijana aliyesomea biokemia humu nchini, akaenda ughaibuni kujiongezea elimu na, tofauti na wengi, akarudi. Yeye na wenzake watatu wamekodi vyumba viwili jijini Nairobi, wakavigeuza maabara, na kwa miaka minne sasa wamekuwa wakitafuta namna ya kutengeneza kingasumu ya nyoka pasipo kutumia farasi. Maana kingasumu hutengenezwa hadi leo kwa utaratibu ule ule ulioanza katika miaka ya 1890: farasi hudungwa sumu ya nyoka kidogo kidogo, mwili wake ukaunda kingamwili za kupambana nayo, kisha akatolewa damu na kingamwili hizo zikachujwa. Vijana hawa wanataka kazi hiyo ifanywe na seli zilizofugwa ndani ya mapipa. Katika panya wa maabara, dawa yao imefua dafu mbele ya sumu ya kifutu. Katika binadamu haijajaribiwa hata kwa mtu mmoja.

Kwa nini nyoka? Sababu anaijua yeye nami naijua. Alipokuwa darasa la sita, huko kwetu bara ya Kilifi, mwenzake wa kuchunga mbuzi aliumwa na kifutu jioni wakirudi boma. Zahanati waliyomfikisha haikuwa na kingasumu. Ya pili haikuwa nayo vilevile. Yule mtoto alipona, lakini mguu wake ulikatwa juu ya goti, na leo ni fundi cherehani sokoni ambaye mpwa wangu hapiti kijijini bila kumwamkua.

Sasa kampuni kubwa imekuja na posa. Inataka haki ya kuiendeleza dawa hiyo, kuitengeneza na kuiuza duniani kote. Nayo itatoa malipo ya awali, malipo mengine kila hatua itakapofikiwa, na mrabaha kwa kila chupa itakayouzwa. Wawili kati ya wale wanne wanasema watie sahihi kesho. Mpwa wangu na mwenzake mmoja wanaogopa. "Watatumeza, mjomba," aliniambia. "Kwani kwa nini mwenye ujuzi lazima aende kwa mwenye pesa?"

Mimi si mwanasayansi. Somo la biolojia niliachana nalo kidato cha nne na lenyewe halikunililia. Lakini swali lake si la biolojia, na kwa kuwa nchi hii ina vijana wengine wengi wenye vyumba viwili na wazo moja, nilimwomba ruhusa nilijibu katika ukurasa huu. Alikubali, mradi nisitaje majina.

Jibu linalotolewa haraka ni kwamba wanaungana kwa sababu ya fedha. Si jibu la uongo, bali ni la juu juu. Ili tulione lililo chini yake itatubidi twende mbali kidogo, mjini Toronto nchini Kanada.

Mwaka 1921 Frederick Banting na Charles Best walifaulu kutoa katika kongosho za mbwa kitu kilichoshusha sukari katika damu. Januari 1922 kijana wa miaka 14, Leonard Thompson, aliyekuwa akififia kwa kisukari, alidungwa dawa hiyo baada ya kusafishwa na mkemia James Collip, akapata nafuu. Sehemu hii inafahamika na wengi. Isiyosimuliwa sana ni iliyofuata. Walipojaribu kuitengeneza kwa wingi, walishindwa. Kwa majuma kadhaa katika mwaka huo wa 1922 hata Collip mwenyewe hakuweza kurudia alichokwisha kukifanya, na dawa ikaadimika ilhali wagonjwa wanajulikana kwa majina na wazazi wao wamekaa kwenye viti wakingoja. Ndipo mwezi Mei chuo kikuu kikaafikiana na Eli Lilly, kampuni ya dawa ya Indianapolis, Marekani, ambayo ilikuwa na wahandisi, mitambo, na njia ya kupata kongosho za nguruwe na ng'ombe kwa wingi. Mkemia wa kampuni hiyo, George Walden, alikuwa miongoni mwa waliogundua kwamba ukikirekebisha sawasawa kiwango cha asidi, insulini hujitenga yenyewe ikiwa safi zaidi. Kufikia 1923 dawa ilikuwa ikiuzwa.

Naomba msomaji akitulie kisa hiki. Wavumbuzi wale waliiuza hataza yao kwa Chuo Kikuu cha Toronto kwa dola moja kila mmoja. Hawakuwa na uchu wa mali. Hata hivyo waliihitaji kampuni kubwa, kwa sababu kujua kwamba jambo linawezekana ni elimu moja, na kulifanya mara elfu kumi bila kukosea ni elimu nyingine kabisa, na hii ya pili haikukaa chuoni. Ilikaa kiwandani, katika vichwa vya watu waliokuwa wameharibu mapipa mengi kabla ya kupata pipa moja zuri.

Marehemu mama yangu aliishi kwa insulini kwa miaka kumi na tisa. Hatukuwa na friji, kwa hiyo chupa yake ilikaa ndani ya mfuko wa plastiki katika mtungi wa maji, pembeni mwa jiko. Kila nilipoishika niliona jina la kampuni pekee. La Banting sikuliona, wala la Collip, na bila shaka wala la wale mbwa.

Miaka 50 na ushei baada ya Toronto, jambo lile lile lilitokea tena California, safari hii kwa mkataba na mawakili. Mwaka 1976 Robert Swanson, kijana wa miaka 28 aliyekuwa katika shughuli za kutia fedha katika biashara changa, alimwendea Herbert Boyer, profesa wa Chuo Kikuu cha California mjini San Francisco, ambaye alikuwa mmoja wa waliobuni mbinu ya kuhamisha jeni kutoka kiumbe hadi kiumbe. Kila mmoja alitoa dola 500, wakaunda kampuni waliyoiita Genentech. Agosti 1978, wakishirikiana na Arthur Riggs na Keiichi Itakura wa kituo cha utafiti cha City of Hope, vijana wa Genentech walifaulu kuifanya bakteria iunde insulini ya binadamu. Mwezi huo huo walitia sahihi mkataba na Eli Lilly.

Masharti yake ni ya kuzingatiwa. Lilly ilitoa dola 500,000 za kuanzia. Genentech ingepata mrabaha wa asilimia 6 ya mauzo, na City of Hope asilimia 2. Ni kusema kwamba wale walioifanya bakteria izungumze lugha ya binadamu waliridhika na vipande vinane katika kila mia, na tisini na viwili vikabaki kwa mwenye kiwanda. Mpwa wangu alipoisikia hesabu hii alipiga meza. "Huo si wizi, mjomba?"

Sidhani. Kilichokuwa mikononi mwa Genentech siku ile kilikuwa chembechembe za insulini ndani ya chupa ya maabara. Mbele yao kulikuwa na kazi ya kuifuga bakteria katika matangi makubwa, kuitoa insulini bila kubaki hata alama ya uchafu wa bakteria, kuijaribu kwa wagonjwa, kuwaridhisha wakaguzi wa serikali kuhusu dawa ya aina isiyowahi kuonekana, kisha kuwaendea madaktari wa nchi nzima. Lilly ilikuwa tayari inatawala sehemu kubwa kabisa ya soko la insulini la Marekani, na madaktari hao iliwajua kwa miaka zaidi ya 50. Kibali kilitoka Oktoba 1982, miaka minne tu baada ya mkataba. Ilikuwa dawa ya kwanza duniani iliyotokana na jeni zilizohamishwa kupewa idhini. Nauliza: Genentech peke yake ingechukua miaka mingapi, na nani angeilipia mishahara katika miaka hiyo?

Na Lilly je, ilitafuta nini kwa vijana wale? Nayo ilikuwa na hofu yake. Ili kupata robo kilo hivi ya insulini safi ilihitaji takriban tani mbili za viungo vya nguruwe, na wagonjwa wa kisukari walikuwa wakiongezeka mwaka hadi mwaka ilhali machinjio hayaongezeki kwa kasi hiyo. Juu ya hayo, ilijua kwamba iwapo yeyote mwingine angeinunua mbinu ile, biashara yake ya tangu 1923 ingekuwa hatarini. Mkubwa naye huja mlangoni akitetemeka, ila hutetemeka akiwa amevaa suti.

Hofu hiyo ya wakubwa ndiyo ambayo mpwa wangu na wenzake hawakuwa wameifikiria, nami naona ni nusu ya jibu la swali lake. Hataza hudumu miaka 20 tangu siku ya kuombwa, na sehemu kubwa ya miaka hiyo huliwa na majaribio kabla dawa haijauzwa hata kidonge kimoja. Ikiisha, wengine huruhusiwa kuitengeneza na bei huporomoka. Mathalani, Pfizer ilikuwa na dawa ya kupunguza lehemu katika damu, Lipitor, iliyoiletea zaidi ya dola bilioni 12 katika mwaka 2006 pekee. Hataza yake ilikwisha nchini Marekani Novemba 2011. Mwaka 2012 mauzo yalikuwa chini ya dola bilioni 4. Kampuni yenye maelfu ya wafanyakazi na wenye hisa wasio na subira haiwezi kulala usingizi huku ikijua tarehe ambayo theluthi mbili ya pato lake kubwa litayeyuka. Lazima itafute dawa mpya, na maabara zake zenyewe, zilivyo kubwa na zenye vikao vingi, haziwezi kuwaza kila kitu. Kwa hiyo huzunguka duniani ikibisha hodi kwenye vyumba viwili viwili vya watu kama mpwa wangu.

Hesabu ya bahati nasibu nayo inasaidia kuelewa. Kati ya dawa kumi zinazoanza kujaribiwa kwa binadamu, moja hivi ndiyo hufika dukani. Majaribio huanza kwa watu makumi, yakaenda kwa mamia, yakaishia kwa maelfu, na safari yote tangu maabara huchukua miaka kumi hadi kumi na mitano. Makadirio ya gharama ya kuifikisha dawa moja sokoni, ukihesabu na zilizofia njiani, huanzia karibu dola bilioni moja na kupita bilioni mbili na nusu, kutegemea ni nani anayehesabu na anataka kuthibitisha nini. Kampuni kubwa ikiwa na dawa 30 njiani, 27 zikianguka bado itakula. Mpwa wangu ana moja. Ikianguka, wameanguka wote wanne pamoja na dada yangu aliyeweka rehani shamba.

Kuna wanaodhani majaribio haya marefu ni hila ya matajiri ya kuwafungia maskini mlango. Sisi Wakenya tusingepaswa kuwa miongoni mwao. Mwaka 1990 tulitangaziwa kwa shangwe dawa ya Ukimwi iitwayo Kemron, na watu waliokuwa wakizika jamaa zao wakaipokea kama mvua. Majaribio yaliyofanywa baadaye kwa uangalifu zaidi hayakuonyesha kwamba ina manufaa. Walioitangaza huenda waliiamini kwa moyo safi, lakini moyo safi haupimi dawa. Dawa hupimwa na majaribio ya watu wengi, yenye kundi la kulinganisha na wahesabu wasio na upande, na majaribio ya namna hiyo yanahitaji fedha, hospitali nyingi na watu waliokwisha kuyafanya kabla.

Ushahidi wa karibu zaidi ni wa mwaka 2020. BioNTech ya mjini Mainz, Ujerumani, iliyoanzishwa 2008 na Uğur Şahin, Özlem Türeci na Christoph Huber, ilikuwa na elimu ya mRNA, yaani barua fupi ya kemikali inayouagiza mwili kuunda kipande kisicho na madhara cha kirusi ili ujifunze kupambana nacho. Kwa miaka 12 haikuwa imeuza dawa hata moja. Ilikuwa imeanza kushirikiana na Pfizer tangu 2018 juu ya chanjo ya mafua, kwa hiyo korona ilipoingia hawakuwa wageni. Machi 2020 walitangaza ushirikiano mpya. Pfizer ilitoa dola milioni 185 za kuanzia, milioni 113 kati ya hizo zikiwa za kununua hisa, na ikaahidi hadi milioni 563 zaidi kwa jumla, kadiri hatua zitakavyofikiwa. Gharama za utafiti zingegawanywa nusu kwa nusu, lakini Pfizer ingelipa yote kwanza, nayo BioNTech ingelirudisha fungu lake baadaye kutokana na mauzo. Kisha wakaijaribu chanjo kwa watu wapatao 44,000. Desemba 2 mwaka huo Uingereza ikaipa idhini. Miezi tisa!

Şahin na Türeci wangekuwa na ubongo maradufu ya walio nao, wasingepata watu 44,000 kwa muda huo. Hata hivyo tazama walivyofunga mkataba tofauti na wa 1978. BioNTech ilibaki na haki ya kuuza Ujerumani na Uturuki. Ilinunua kiwanda chake yenyewe mjini Marburg kutoka kwa Novartis. Upande wa China ilifunga mkataba na kampuni nyingine, Fosun. Ilimpa mkubwa alichohitaji kupewa, na kilichobaki ikakifungia kabatini. Kweli, sisi wote tuliichanjwa kwa jina la Pfizer, nami mwenyewe nilisema hivyo hivyo kwa muuguzi. Lakini mgawanyo wa faida haukufuata jina lililo midomoni mwetu.

Kuna atakayeniuliza kuhusu Moderna, ambayo ilifikisha chanjo yake sokoni bila kuolewa na kampuni kubwa ya dawa. Ni kweli. Lakini ilishirikiana na taasisi za utafiti za serikali ya Marekani, serikali hiyo hiyo ikalipia majaribio na kununua chanjo kabla haijaidhinishwa, na Lonza ya Uswisi ikaitengenezea malighafi yake. Mkubwa alikuwepo, ila alivaa kofia ya serikali. Na kwa kuwa tumeitaja, tusisahau kwamba Machi 2022 kampuni hiyo ilikubaliana na Kenya kujenga hapa kiwanda cha dola milioni 500, na Aprili 2024 ikausitisha mpango kwa hoja kwamba mahitaji ya chanjo ya korona barani Afrika yalikuwa yamepungua. Mwenye kiwanda hufuata soko. Asiye na maandishi ya kumzuia hana la kumwambia.

Hapa ndipo nilipomwambia mpwa wangu kwamba hofu yake ni ya haki, ila imekaa mahali pasipofaa. Yeye anaogopa asilimia. Mimi naogopa vitu vingine viwili.

Cha kwanza ni bei. Anayeishika dawa katika hatua ya mwisho ndiye aipangiaye bei, na aliyeivumbua hupata habari gazetini kama sisi. Insulini ya Lilly iitwayo Humalog ilianza kuuzwa Marekani mwaka 1996 kwa dola 21 kwa chupa. Kufikia 2019 bei iliyotangazwa ya chupa hiyo hiyo ilikuwa takriban dola 275. Wazazi waliandamana, wagonjwa wakapunguza dozi kwa siri, na ilikuwa hadi Machi 2023, baada ya vishindo vingi vya umma na vya wanasiasa, ndipo kampuni ilipotangaza kuipunguza kwa asilimia 70. Dawa ambayo wavumbuzi wake wa kwanza waliiuza kwa dola moja! Dola ile haikuwekewa sharti lililoweza kuishi kwa miaka mia.

Kinyume chake tunacho karibu nasi. Chanjo ya malaria ya R21 ilibuniwa na wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Oxford, ikajaribiwa kwa watoto wa mahali kadhaa Afrika, pamoja na Kilifi kwetu na Bagamoyo kwa jirani, na mshirika aliyechaguliwa kuitengeneza ni Serum Institute ya India, mtengenezaji mkubwa kabisa wa chanjo duniani ambaye riziki yake ni kuuza nyingi kwa bei ndogo. Shirika la Afya Duniani lilipoipendekeza Oktoba 2023, bei iliyotajwa ilikuwa kati ya dola 2 na 4 kwa dozi. Mkubwa ni mkubwa, lakini wakubwa hawafanani. Kuna anayetajirika kwa kuwauzia wachache kwa bei ya juu, na kuna anayetajirika kwa kuwauzia wengi. Mtu aumwaye na kifutu si wa yule wa kwanza. Aghalabu ni mkulima au mchungaji asiye na viatu.

La pili linaniogopesha zaidi, nalo linamhusu nyoka mwenyewe. Kampuni ya Ufaransa ya Sanofi ilikuwa ikitengeneza kingasumu iitwayo FAV-Afrique, iliyokusudiwa hasa nyoka wa bara letu na kusifiwa na madaktari waliozoea kuitumia. Mwaka 2014 iliacha kuitengeneza. Haikuwa kwamba dawa imeharibika au nyoka wameacha kuuma. Ilikuwa haileti faida. Akiba ya mwisho ilimaliza muda wake Juni 2016, na waliobaki wakitafuta mbadala walijua wenyewe. Sasa tuchukulie kwamba mpwa wangu anatia sahihi kesho, na baada ya miaka miwili kampuni inapata mkuu mpya, mkuu huyo anapitia orodha ya dawa zilizo njiani, anafika kwenye kingasumu ya wachungaji wa Afrika, anapiga mstari. Mkataba nilioletewa hausemi haki zitarudi kwa nani. Nilizisoma kurasa zote arubaini na tatu, mara mbili, nikitumia miwani ya mke wangu. Hausemi. Maana yake dawa itakaa kabatini ng'ambo, na vijana wanne watakatazwa na sheria kuigusa kazi ya mikono yao.

Wala asidhani msomaji kwamba mdogo daima ni malaika katika mambo haya. Genentech ilikua. Mwaka 1985 ilianza kuuza dawa yake ya kwanza yenyewe, homoni ya kukuza watoto. Mwaka 1990 Roche ya Uswisi ilinunua asilimia 60 yake kwa dola bilioni 2.1, na 2009 ikaimeza yote iliyobaki kwa takriban dola bilioni 47. Njiani humo, mwaka 1999, wale City of Hope wa asilimia 2 waliishtaki Genentech mahakamani kwamba ilikuwa imetoa leseni za mbinu yao kwa kampuni nyingine bila kuwapa fungu lao. Mwaka 2008 Mahakama Kuu Kabisa ya California iliidhinisha walipwe dola milioni 300. Aliyekuwa mdogo mlangoni pa Lilly alikuwa amekuwa mkubwa mlangoni pa mwingine. Kisa hiki nilimsimulia mpwa wangu polepole, kwa sababu katika mkataba wao wa ndani, ule wa wao wanne na binti aliyewafugia seli tangu mwaka wa kwanza kwa mshahara wa kusuasua, sikuliona jina la binti huyo popote. Alinyamaza. Kisha akaliandika kwenye kiganja.

Ushauri wangu ulikuwa kwamba waolewe. Wakikaa peke yao, fedha zitakwisha kabla ya mtu wa kwanza kudungwa, na ujuzi usiofika kwa mgonjwa ni sawa na mafuta katika taa isiyo na utambi. Lakini waongezewe vifungu. Kampuni ikikaa miezi 24 bila kuendeleza kazi, haki zote zirudi kwao bila malipo. Katika nchi za Afrika Mashariki bei isipite gharama ya kutengeneza ila kwa kiasi kitakachoandikwa kwa tarakimu, si kwa maneno matamu kama "nafuu" au "ya haki". Na wawili kati yao wakae kiwandani wakati dawa inapohamishwa kutoka chupa hadi tangi, ili elimu ile ya pili, iliyowashinda watu wa Toronto, irudi Nairobi ndani ya vichwa vya watu. Kuhusu asilimia za mrabaha, nilimwambia, waongeze moja wakiweza. Wasipoweza, wasiivunje posa kwa ajili hiyo.

Alhamisi iliyopita walikutana na mawakili wa kampuni kwa simu ya video, saa nne usiku kwa saa zetu. Kifungu cha kurudishiwa haki kilikubaliwa, ingawa miezi 24 imekuwa 36. Cha wawili kukaa kiwandani kilikubaliwa bila ubishi, jambo lililonishangaza. Cha bei kilijibiwa kwamba "kitatazamwa". Wale wawili waliotaka kutia sahihi tangu mwanzo wanasema hayo yanatosha, na kwamba tukivuta kamba zaidi itakatika. Mpwa wangu anasema hatii kalamu mpaka aone tarakimu.

Kodi ya maabara imelipwa hadi mwisho wa mwezi ujao. Jokofu wanamohifadhi seli zao lazima likae nyuzi 80 chini ya sifuri usiku na mchana, na jenereta waliyoazimwa inatakiwa na mwenyewe. Jana dada yangu alinipigia kuniuliza iwapo ni mimi ninayemtia mwanawe ukaidi. Nikamwambia ndiyo. Akakaa kimya kitambo, kisha akaniuliza kama yule fundi cherehani, siku ile aliyoumwa, angeweza kununua dawa kwa bei gani. Nikamwambia baba yake alikuwa na mbuzi sita. Kampuni itajibu Jumatatu.